Jaketi la Getini

Manka mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako Kizuiani, na Damasi yuko uani anakaza mikanda ya begi lako ambayo ulishaikaza mwenyewe mara mbili. Nina kama saa moja na nusu kabla hujarudi. Nimejifungia chumbani na daftari mapajani kama mwanafunzi anayeandika barua ya mapenzi, na kwa jinsi nilivyo siku hizi, mtu akinichungulia ataamini ni hiyo. Siyo hiyo.

Mambo ya kula kwa wakati, kufua soksi na kuchagua marafiki, shangazi yako wa Moshi atakuambia mpaka uchoke. Kusali sikukumbushi, unasali kuliko mimi. Nina jambo moja tu, nimelikalia miaka kumi na minane, na nitamwomba Damasi akupe barua hii kesho utakapokuwa umeshakaa kwenye kiti cha basi. Ningeweza kukuambia leo mezani. Nimeshindwa. Uso wako unafanana na wa baba yako mno.

Jumapili tulipokuwa tunakula, Damasi alikuuliza huko mlimani unakokwenda kubeba mizigo kuna baridi kiasi gani.

"Maji yanaganda kwenye chupa, mzee," ulimjibu.

"Mie maji ya friji tu yananiuma meno. Wewe unaenda kulala ndani ya friji kwa hiari yako, na mzigo juu."

"Kilo ishirini tu."

"Tu." Akanigeukia. "Mke wangu, umemsikia? Nusu mfuko wa saruji, anasema tu."

Ulicheka, ukapakua wali tena, halafu ukasema kwa ile sauti yako ya utulivu, "Baba alibeba hizo hizo. Na alipoona mgeni anatetemeka akavua jaketi lake akampa. Na mie nikimkuta mtu wa hivyo, ntavua."

Damasi aliacha kutafuna. Mimi niliinuka nikaenda kuchukua maji ambayo yalikuwa mezani tayari. Wewe ulidhani nimeshikwa na majonzi. Yalikuwa majonzi, lakini si hayo uliyoyadhani.

Manka, baba yako hakumvulia mgeni jaketi. Hakumvulia mtu yeyote isipokuwa mimi.

Sasa nimeshaliandika, niache nivute pumzi. Nikuambie kwanza habari za huyu aliye uani, kwa sababu bila yeye nisingekuwa na barua ya kuandika.

Unajua nina furaha. Unaniambiaga nimezidi. Juzi ulipotukuta ananimenyea chungwa ulisema, "Mama, jamani, watu wazima nyie," ukapita ndani ukicheka. Ni kweli nimezidi. Nina miaka arobaini na sita, nimeolewa wiki tisa zilizopita, na nikisikia hatua zake jioni moyo unaruka kama wa msichana wa kidato cha pili. Anarudi kutoka kwenye banda la vinyago ana vumbi la mpingo mpaka kwenye nyusi, nami nalipenda hilo vumbi, nalifuta kwa kidole gumba taratibu ili lisiishe. Alinipata kwa begi la zana. Alilileta kibandani kwangu mara tatu nilishone zipu, na mara zote tatu nikamwambia zipu ni nzima. Ile ya tatu akasema, "Najua, dada. Mbovu ni mie." Mwambie mwanamke yeyote wa Mbagala akuambie angefanya nini.

Sikutaka aoe mtu asiyemjua. Wiki moja kabla ya kwenda kanisani nilimkalisha nikamwambia yote nitakayokuambia hapa. Hakuniacha, na hakunifariji. Aliuliza tu, "Mtoto anajua?"

"Hajui."

"Basi umenipa mie kitu ambacho ni chake."

Hajalisema tena tangu siku hiyo. Lakini kila anaponitendea jambo zuri, na ananitendea mengi, nasikia hayo maneno nyuma yake. Furaha yangu yote inapita juu ya kitu hicho kama mtu anayetembea na jiwe kwenye kiatu.

Ulikuwa na miaka minne, hutakikumbuka kibanda chetu cha Moshi. Nilikodisha vifaa vya mlima: mabegi ya kulalia, fimbo za kutembelea, tochi za kufunga kichwani, buti, glavu, majaketi. Nilijua kazi yangu. Nilikuwa naminya begi la kulalia kwa mkono mmoja nakuambia kama linafaa kambi ya juu au linafaa kulalia hapa Charambe na feni ikizunguka. Wageni waliokuja na fulana za pamba niliwatisha. Pamba ikishalowa jasho au mvua haikupi joto tena, inakuganda mwilini na kukunyonya lile ulilo nalo. Vaa sufu, au zile za kung'aa zinazokauka upesi, kisha kitu kizito, kisha juu kabisa jaketi lisilopitisha maji wala upepo. Buti mpya niliwakataza, watembelee nazo nyumbani kwanza, la sivyo siku ya pili wataacha ngozi ya kisigino njiani. Walinisikiliza kama daktari.

Wapagazi hawakunisikiliza, kwa kuwa hawakuwa na cha kuchagua. Umeshajua kule wanaitwa wagumu, na wewe umeanza kujiita hivyo kwa fahari. Sikiliza, hilo jina ni kazi ya pili juu ya ile ya kubeba. Ukishaitwa mgumu, utaona haya kusema umechoka. Utaona haya kusema kichwa kinauma. Na mwongozaji wa msafara anayekutazama asubuhi anataka mgumu, hataki mgonjwa.

Getini, kabla ya kuruhusiwa kupanda, wagumu walikaguliwa. Una jaketi? Una buti? Mzani unasemaje mzigo wako? Wengi hawakuwa na jaketi la maana. Basi sisi wakodishaji tukawa na kitu tulichokiita jaketi la getini. Unampa mgumu jaketi zuri, anakaguliwa nalo, anapita. Mbele kidogo, pale msitu unapopakana na mashamba, kuna kijia cha wakata majani. Mwenye jaketi anakungoja hapo na gunia. Unavua, anatia guniani, anashuka mbio kuwavalisha wa kundi linalofuata. Jaketi moja lilipanda mlima mara nne kwa asubuhi moja na halikuwahi kuona barafu. Tulikuwa tunalicheka hilo. Nilicheka mimi kuliko wote. Hakuna aliyenifundisha kwamba ni vibaya, na sikuhitaji kufundishwa, maana niliijua pamba na niliijua mvua kuliko mtu yeyote pale sokoni.

Baba yako alikuwa na jaketi lake mwenyewe. Jekundu. Aliachiwa na mgeni mwishoni mwa safari, na lilikuwa bora kuliko yote kibandani, ndiyo maana halikukaa mgongoni kwake. Nililitundika mbele. Nilimwambia atakuwa analivaa likikosa mteja, na halikukosa mteja. Mwanamume aliazima jaketi lake mwenyewe, Manka, na mara nyingi akanyimwa.

Msimu ule wa mvua za vuli alikuja mama mmoja wa kizungu, mtu wa makamo, akaligusa likampendeza. Baba yako alikuwa amesimama pembeni na rafiki yake Gaspa. Ndio waliokuwa wanaenda kumbebea mama huyo huyo mizigo.

"Mama Manka," akasema, "hilo si langu?"

"Ni lako. Likirudi litakuwa lako tena."

Gaspa akaangua kicheko. "Aminieli, umeoa benki."

"Benki inatoa, bwana," baba yako akasema. "Huyu anapokea tu."

Tukacheka wote watatu, na yule mama naye akacheka bila kujua tunachekea nini. Nikampa Aminieli jaketi la getini, la bluu.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa kwenye kijia na gunia langu. Walikuja wanne wakavua. Yeye alikuja wa mwisho, akasimama mbele yangu, mzigo ukiwa bado kichwani.

"Leo niachie hili. Tazama wingu."

"Kuna watu wananingoja getini."

"Wamngoje mwingine."

"Aminieli, una sweta. Usinikawize."

Alitua mzigo. Alivua, akalikunja mikono ndani kama nilivyomfundisha, akaliingiza mwenyewe guniani. "Haya, mama mwenye majaketi," akasema. Hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika. Halafu akaniuliza kama umeamka na kikohozi. Nikamwambia sijui, nimetoka ukiwa umelala. Akainama, nikamsaidia kujitwika. Nilimtwika kwa mikono yangu hii, nikashuka mbio.

Mengine niliambiwa na Gaspa aliposhuka.

Mvua iliwakuta siku ya pili na haikuacha mpaka jioni. Sweta la pamba likalowa likabaki limelowa. Kulikuwa na upepo. Alifika kambi ya pili akitetemeka, na baadaye akaacha kutetemeka, na wote wakadhani amepata nafuu. Shika hilo. Mtu aliyelowa akiacha kutetemeka huku bado ni wa baridi, mwili umekata tamaa, haujapona. Kesho yake wakapanda kambi ya juu, na kichwa kikawa kinampasuka. Gaspa alimkuta kwenye kijito anachota maji huku anapepesuka.

"Umelewa wapi huku juu?" alimtania.

Baba yako alicheka, lakini maneno yalimtoka mazito, kama mtu mwenye chakula mdomoni. Akamwomba Gaspa asimwambie mwongozaji. Alisema, "Nikishushwa leo, msimu huu siitwi tena." Na Gaspa, ambaye alimpenda kama ndugu wa tumbo moja, akanyamaza. Akamchemshia chai ya tangawizi. Akamlaza kwenye hema la kulia chakula, akamfunika mablanketi mawili, lake na la mpishi, akamwambia apumzike tu. Wema mtupu, na wema huo ndio uliommaliza. Mtu aliyefikia kupepesuka halazwi. Anashushwa saa ile ile, kwa miguu au kwa kubebwa, kukiwa na mvua au giza. Hewa ya chini ndiyo dawa, na dawa hiyo hailetwi juu kwenye kikombe. Asubuhi walimkuta amekwenda.

Gaspa alinisimulia hayo akiwa amepiga magoti sakafuni kwetu. Alidhani anaungama kwangu. Nilimwacha aungame. Sikumwambia ya kijiani, na mpaka leo, kama yuko hai, anaamini ni yeye peke yake.

Siku ya tatu ya msiba yule mama mgeni akaja kurudisha jaketi. Nyumba ilikuwa imejaa. Alisimama mlangoni amelikumbatia, analia mpaka mabega yanaruka. Jirani mmoja akauliza, "Hilo si jaketi la marehemu? Limefikaje kwa mgeni?"

Wanawake wote walinitazama. Nikasema, "Alimvulia. Alimwona anatetemeka."

Lilinitoka tu. Sikulipanga. Gaspa, aliyeliona likikodishwa, hakunipinga, aibu yake mwenyewe ilimfunga. Mgeni hakujua Kiswahili, alizidi kulia, na kilio chake kikawa shahidi wangu. Wakamkumbatia. Mchungaji akalitaja kaburini. Wewe ulikuwa mapajani kwangu unachezea kifungo cha gauni langu, ukasikia baba yako akiitwa mtu aliyetoa nguo yake kwa ajili ya mwingine, ukaniangalia usoni kuhakikisha. Nikatikisa kichwa kukubali. Hapo ndipo nilipokudanganya, mbele ya jeneza, ukiwa na miaka minne.

Nilijiambia mtoto asiye na baba anastahili baba mzuri. Ulipokuwa darasa la tano ukaliandika kwenye insha, ukaambiwa uisome mbele ya wazazi, nikapiga makofi kama wengine. Nikajiambia hakuna aliyeumia. Kumbe lilikuwa linanifaa mimi. Kila ulipolisimulia, ndivyo gunia lilivyozidi kuwa mbali nami. Nilikuja na neno hilo mpaka huku Dar, nikaacha biashara ya mlima, nikashika ya zipu na mabegi ya shule, na nikafikiri imekwisha.

Sasa ona limefanya nini. Limekulea. Limekutafutia kazi. Kesho linakupandisha basi. Unaenda kubeba mizigo mahali ambapo mtu anaweza kufa kwa kunyamaza, na unakwenda ukiamini kwamba baba yako alikufa kwa kutoa. Utanyamaza kama yeye na utajiona mwema. Utavua jaketi lako na kujiona umemrithi. Nimekaa Jumapili nzima nikiliona hilo, Jumatatu nikaliona, na leo.

Sikuzuii kwenda. Una miaka ishirini na miwili, mafunzo umemaliza, na una akili kuliko sisi wote wawili tuliokuzaa. Wala sisemi mlima ni mbaya. Baba yako aliupenda. Alikuwa anarudi ananiambia jinsi asubuhi mawingu yanavyokaa chini yako kama pamba iliyotandikwa, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyetoka kwa mpenzi. Nilimwonea wivu mlima. Nilidhani ndio maana nilimbana. Lakini hapana, nilimbana kwa sababu watu walikuwa wananingoja getini.

Nikuambie nilichojifunza wiki hizi tisa, utacheka. Siku moja Damasi aliamka akasema, "Leo naumwa, siendi kazini." Akavuta shuka, akalala. Nilisimama pale na kikombe mkononi sijui la kufanya. Katika maisha yangu sijawahi kusikia mwanamume ndani ya nyumba yangu akisema hivyo, na nikajiuliza ni kwa nini. Ni kwa sababu Aminieli aliwahi kusema mara moja, kwa maneno yake, niachie hili leo, na alijibiwa una sweta. Mtu anajifunza upesi mahali ambapo hasikilizwi. Nilimpikia Damasi uji, nikakaa kitandani kumtazama akilala, nikampenda mpaka nikalia, na nusu ya machozi hayo hayakuwa yake.

Kwa hiyo wewe jisikilize. Wageni wataambiwa watembee taratibu, wapande juu mchana na kurudi kulala chini kidogo ili mwili uzoee hewa. Wagumu wanapita mbio kuwahi kusimamisha mahema, kana kwamba mapafu yao ni ya kuazima. Mapafu yako ni hayo hayo kama ya mgeni, na ya kwako yamelelewa Mbagala, usawa wa bahari. Kichwa kikianza kuuma, sema siku hiyo hiyo, kwa sauti, watu wasikie. Ukianza kukohoa na pumzi ikakwama hata ukiwa umekaa, ukasikia kifua kinabubujika, usingoje mtu akuulize. Mwenzako akipepesuka usimtanie na usimfunikie siri. Mseme, akuchukie. Watakuita mlegevu. Watasema binti wa Dar kashindwa. Huenda kweli usiitwe tena msimu huo. Basi usiitwe.

Na mtu asikuvue kitu mwilini. Mkubwa wako, mgeni anayelia, mwenzako mwenye watoto sita, yeyote. Huo ni uchoyo, najua, na ni mimi ninayekufundisha. Anayeganda atafutiwe njia ya kushuka, naye ashuke na nguo zake, na wewe zako. Jaketi lako umelinunua wewe. Nimelipitia mishono yote wiki iliyopita, na usiku ule ulidhani nakusaidia tu.

Nasikia sauti yako kwa jirani, umerudi, unamsalimia Mama Zuhura. Nitaosha uso nije tule. Nitakuwa mchangamfu, na ukisoma hapa utakumbuka jinsi nilivyokuwa mchangamfu na utaona ni mtu wa namna gani aliyekulea. Sikuombi unisamehe. Ningeomba kama ningekuambia ana kwa ana, nami nimeogopa hata hilo. Ukilichukia jina langu kuanzia leo, una haki, na nimeshajiandaa.

Ila uchukie ukiwa chini. Siku kichwa kitakapokubana huko, acha mzigo, acha mshahara, acha jina la mgumu, shuka. Ukifika mahali simu inashika, nipigie. Shikamoo usinipe kama moyo haukutumi. Anza tu kunitukana. Nitapokea, nitakusikiliza mpaka utakapomaliza.

Mama yako